Siku Nabii Hezaburi Alipofika Kanisani Kwetu

Jamani, uso wangu nimeuacha kanisani Mutakura. Atakayeuokota aniletee nyumbani, mimi huko sirudi leo.

Nimejifungia chumbani. Simu inalia, sijibu. Nimeona bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Furaha. (Akisimulia yeye ataongeza chumvi. Na hii haihitaji chumvi, mtaona.)

Wengi mnajua mimi ni monitrisi wa ekodim, yaani mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili. Mwaka wa sita huu. Leo, baada ya ibada, Pasta alikuwa anitangaze kuwa mkuu wa ekodim nzima. Watoto zaidi ya arobaini, wamonitrisi wanne chini yangu, na ufunguo wa kabati la chaki. Ufunguo, jamani! Miaka sita naomba chaki kwa kupiga magoti. Nilikuwa hata nimeshona kitenge kipya kwa ajili ya huo ufunguo.

Kilichobaki ni kizingiti kimoja tu: Mama Furaha. Naye ni monitrisi. Anasoma Biblia kwa miwani na kalamu nyekundu, kama vile anaisahihisha. Tangu mwaka jana ananiuliza swali lilelile, tena mbele ya watu:

"We Mama Belise, iyo Nabii Hezaburi unafundishaka watoto, iko mu kitabu gani?"

Hapo lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kulikuwa na televisheni moja na kaseti moja. Kaseti moja tu. Kila Noeli, watu wakishakula, Papa aliiweka, na majirani walikuja kuangalia. Walikaa kwenye mikeka, wengine dirishani. Ilikuwa filimu ya Mungu, ya Kiebrania. Na Papa alijua Kiebrania. (Msiniulize fundi cherehani kutoka Uvira alisomea wapi Kiebrania. Ukiwa na miaka saba humwombi babako diploma.) Alisimama kando ya televisheni, ameshika rula yake ya kukatia nguo, akawa anatutafsiria kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Ilikuwa habari ya Nabii Hezaburi, mzee wa ndevu nyeupe aliyeingia mjini na punda. Punda alibeba magunia, na ndani ya magunia kulikuwa na dhambi za watu. Nabii alifika langoni akapaza sauti: "Tubuni!" Mlinzi wa lango akakataa Neno. Lakini wanawake wa mji walisikia, wakaanza kulia, mji mzima ukalia. Kisha nabii akapanda kilimani, akainua mikono miwili akaomba: "Bwana, nishukie!"

Sisi wote tulilia pale, na Papa akazima televisheni ili tuombe. Mimi niliokoka mbele ya ile televisheni nikiwa na miaka tisa. Nililia mpaka kamasi, nikamrudishia dada yangu peremende zake zote. (Mbili nilikuwa nimeshazila. Nilikiri.)

Siku moja nilimuuliza Papa hiyo habari iko wapi katika Biblia, maana nimeitafuta sijaiona. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye cherehani: "Iko mu Biblia ya Wakatolike."

Basi. Sisi ni Waprotestanti, Biblia ya Wakatoliki ina vitabu zaidi, kila mtu anajua. Kesi ikaisha. Nikakua na Hezaburi wangu moyoni, nikaolewa naye akiwa bado moyoni, nikawa monitrisi, nikaanza kumfundisha. Watoto wanampenda kuliko Daudi! Mwaka jana tulitengeneza vigunia vya karatasi, kila mtoto akaandika dhambi yake akaiweka ndani. (Mmoja aliandika: "Nilikula sukari ya Pasta." Tulimsamehe.) Hata mjukuu wa Pasta mwenyewe, aliyezaliwa mwaka jana, anaitwa Hezaburi. Mkwe wa Pasta alilipenda hilo jina, na wakamleta madhabahuni nalo.

Sasa Mama Furaha naye akaenda kuwauliza Wakatoliki. Akarudi na jibu: hawamjui. Pasta akaniita ofisini. Nikamwambia kwa kifua mbele: "Pasta, mi niko na ushahidi. Iko filimu."

Mwezi huu nikaipata ile kaseti kwa Papa, kule Kajaga anakoishi sasa. Ilikuwa chini ya cherehani, kwenye mfuko pamoja na karatasi za vipimo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja anayehamisha kaseti kwenye flash. Akaifungua, ukungu umekula kila kitu. Lakini akaangalia picha ya kasha, akatafuta kwenye interneti, akacheka: "Mama, tuliza roho. Minakupatia ingine, propre, safi kabisa. Iko na maandishi ya Kifaransa chini."

Akanionyesha mwanzo. Jangwa. Punda. Ndevu. Magunia. Nikalia palepale dukani, fundi akaniletea kiti. Dakika mbili nilizoziona zilinitosha. Nilitaka kuiona yote pamoja na watu, Papa akiwa kando yangu kama zamani. (Hapa ndipo mngenisimamisha. Mlikuwa wapi?)

Nikampigia Papa simu.

"Papa, nimeipata ile filimu!"

"Ile gani?"

"Ya Hezaburi!"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Eeh," akasema. "Na sauti iko?"

"Na sauti, na maandishi ya Kifaransa!"

"Kifaransa," akarudia. "Kila neno?"

"Kila neno, Papa!"

Papa akaniambia mguu unamuuma, hataweza kuja. Nikamwambia nitakuja kumchukua kwa taksi. Akasema na tumbo. Nikasema nitaleta dawa. (Nikiangalia nyuma, mzee alipambana. Mimi ndiye niliyemburuta.)

Leo sasa.

Kanisa limejaa mpaka milango. Watoto mbele chini, mabibi kwenye viti, wazazi nyuma. Projekta ya kuazima, shuka nyeupe ukutani. Papa amekaa kiti cha wageni, kavaa koti alilolishona mwenyewe, jasho linamtoka na feni iko juu yake. Pasta akasimama, akanisifia wee, akasema baada ya filimu ana tangazo. Nikarekebisha kitenge.

"Mabibi zetu hawasome Kifaransa," Pasta akasema. "Lakini tuko na Mzee wetu hapa, anajua Kiebrania. Mzee, karibu utufasirie."

Papa akasimama, akafungua mdomo, akakohoa. Akakohoa tena. Akaonyesha koo kwa kidole, akakaa.

"Bas, pole Mzee," Pasta akasema. "Mwalimu Anisé, njo usomee mabibi ile maandishi ya chini."

Mwalimu Anisé ni shemasi wetu, anafundisha Kifaransa sekondari. Mtu wa haki. Hana utani hata kidogo. Anasoma matangazo ya kanisa kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Akavaa miwani, akasimama kando ya shuka.

Filimu ikaanza. Punda akaingia. Watoto wakapiga makofi, maana wanamjua. Mimi nilikuwa nimewafundisha wiki tatu waseme pamoja na nabii. Mzee wa ndevu akafika langoni, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Watoto arobaini kwa sauti moja: "TUBUNIII!"

Mwalimu Anisé: "Vitunguu."

Watoto wakanigeukia.

"Vitunguu," akarudia. "Vitunguu vitamu. Vimetoka shambani jana."

Pasta akasogea mbele. "Mwalimu, soma muzuri."

"Ndiyo imeandikwa, Pasta. Oignons."

Lakini mimi si mtu wa kushindwa haraka. Nikasimama. Nikasema kwa sauti: "Ni mufano! Vitunguu ni mufano wa zambi! Inafanyaka mutu alie!"

Mabibi wakajibu: "Amina!"

Jamani, nilikuwa karibu kupona! Pasta akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeanza kuelewa. Filimu ikaendelea. Mlinzi wa lango akatoka, akaanza kubishana na nabii. Hapo ndipo anapolikataa Neno.

Mwalimu Anisé: "Gunia bei gani?... Punguza... Apana, punguza tena, hiki kimeoza."

"Mama Belise," Mama Furaha akaita kutoka nyuma, taratibu, kwa adabu zote. "Iyo 'punguza' ni mufano wa nini?"

"Wa... wa neema," nikasema.

Safari hii "Amina" ilikuwa moja tu, nayo ya bibi asiyesikia vizuri.

Ikafika sehemu ya wanawake. Watoto wangu wakapiga magoti, wote, mikono vifuani, kama nilivyowafundisha. Wanawake wa mji wakatokea kwenye shuka wanalia, machozi mpaka kidevuni. Nikajiambia, machozi ni machozi, haya hayana Kifaransa. Kisha picha ikashuka chini kidogo.

Visu. Mabeseni. Milima ya maganda. Wanawake wote wamekaa wanamenya vitunguu vya harusi!

Mwalimu Anisé: "Vya mwaka huu ni vikali sana, dada. Nipe kitambaa nifute macho."

Na hapo nikakumbuka kitambaa. Televisheni yetu ilikuwa na kitambaa cha kufuma cha Mama, kile cha pambo, lakini chetu kilining'inia mpaka kikafunika sehemu yote ya chini ya kioo, yaani penye visu na mabeseni. Kila Noeli Papa alikuwa akikiweka sawa kabla ya filimu, mara mbili, mara tatu. Nilidhani anapenda usafi.

Nikageuka kumtazama Papa. Papa alikuwa anatazama dari.

Nikaanza kuuombea umeme ukatike. Mnaujua umeme wa hapa Bujumbura. Unakatika ukipika, ukinyoosha nguo, mtoto akijiandaa kwa mtihani. Leo naomba kwa jina la Bwana ukatike, wapi! Umesimama kama askari. Nikaukodolea macho ule waya wa projekta, lakini Mama Furaha alikuwa amekaa kando yake, na mguu ameuweka juu ya waya.

Ikabaki sehemu ya kilima. Ile yangu. Maombi yangu ya kila asubuhi yanaanza na maneno yale ya nabii. Watoto wana hata wimbo wake, na ishara ya mikono. Nikatamani kuwapungia wakae chini, lakini walikuwa wameshasimama, wamegeukia shuka, mikono arobaini mara mbili juu hewani. Mzee wa ndevu naye juu ya kilima, mikono juu. Watoto wakaimba: "Bwanaaa, nishukieee!"

Picha ikazunguka. Kumbe mbele ya kile kilima kuna nyumba ya ghorofa. Na kwenye baraza la juu kuna mama amejifunga shuka, nywele wazi, anacheka.

Mwalimu Anisé, mtu wa haki, hakuruka hata neno. Akasoma kwa sauti ileile ya hukumu:

"Shuka, njiwa wangu. Mume wako amekwenda sokoni. Shuka, na magunia yote nitakuachia wewe."

Watoto bado mikono juu.

"Amina," akasema yule bibi asiyesikia.

Pasta akaruka kutoka kitini, akasimama mbele ya shuka, amenyoosha mikono kuzuia. Haikusaidia. Yule mama wa barazani sasa alikuwa kwenye shati jeupe la Pasta, amejaa kifua kizima, anakonyeza. Kanisa zima likatoa sauti moja ambayo sijawahi kuisikia. Watu wazima walijificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mwimbaji mmoja wa kwaya alitoka nje amejishika tumbo. Hatimaye mtu akazima projekta, na macho yote yakahama kutoka kwenye shati la Pasta yakaja kwangu.

Wa kwanza kusema alikuwa mkwe wa Pasta, mtoto mapajani.

"Donc," akasema, "mi mutoto wangu nilimupatia jina ya muuza vitunguu?"

Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. (Ndiye pekee ambaye bado ananipenda.)

Pasta akageukia kiti cha wageni. "Mzee. Mbele ya Mungu. Unajua Kiebrania?"

Koo la Papa likapona.

"Apana."

"Hata kidogo?"

"Shalom," Papa akasema.

"Na hii hata si Kiebrania," akaongeza Mwalimu Anisé, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Papa akasimama, kofia mkononi. Nitawaambia ukweli, nilitaka ardhi inimeze, lakini pia nilitaka kumfunika. Alionekana mdogo ndani ya lile koti.

"Pasta, unihurumie," akasema. "Ule mutu alinipatia kaseti, aliniambia ni filimu ya Mungu. Mi nikaita majirani, Noeli. Watu makumi tatu wamekaa chini, wamevaa muzuri, watoto wamenyamaza. Naona ule muzee wa filimu anafungua mudomo. Sielewe hata moja. Watu wananiangalia. Bas, na mi nikafungua yangu."

Watu wakaanza kucheka kidogokidogo.

"Nilizani ni mara moja tu. Mwaka ingine wakarudi! Mi nimesahau nilisemaka nini. Lakini Espe, huyu binti yangu, alikuwa anakumbuka yote. Nikikosea, ananirekebisha. 'Papa, apana, hapa ni magunia ya zambi.' Mi zambi nilisemaka siku moja tu, sikuwa na kingine cha kusema. Yeye ndiye alishika."

Asante, Papa. Asante sana. Sasa hata utunzi ni wangu.

Kumbe hayajaisha. Bibi Fransiska akainuka na fimbo yake. Huyu ni jirani yetu wa zamani, alikuwa mmoja wa wale watu thelathini kwenye mikeka. Akauliza kwa uchungu kabisa:

"Pasta, mi niliacha pombe juu ya iyo filimu. Sasa inakuwa namna gani? Nirudie?"

Pasta akakaa chini. Akafuta uso kwa leso muda mrefu, na mabega yanamtikisika. Sijui kama alikuwa analia au anafanya nini. Mwishowe akasema: "Apana, Bibi. Kaa tu vile uko."

Kisha likaja tangazo. Ufunguo wa kabati amepewa Mama Furaha. Alitembea kwenda kuupokea kama anapokea taji, na alipopita kwangu akanipapasa bega. (Hilo la bega ndilo lililoniua.) Na mimi sijafukuzwa, Pasta ana huruma. Ila kabla sijafundisha tena, nitakaa ekodim kama mwanafunzi, darasa la Mama Furaha, tuisome Biblia kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo. "Ile yetu sisi," akasisitiza.

Nilipokuwa natoka, mtoto mmoja akanivuta kitenge. "Monitrisi, alafu ule mama alishuka?"

Ningejuaje? Filimu ilikuwa imezimwa.

Ndani ya taksi sikumsemesha Papa mpaka tukafika karibu na Kajaga. Nilikuwa na hasira, tena ya kweli. Nikamgeukia.

"Papa! Biblia ya Wakatolike?"

"Bila ile jibu ungeuliza sana," akasema.

"Na majirani Wakatolike, wao uliwaambia nini?"

"Niliwaambia iko mu yetu, ya Waprotestanti."

Dereva wa taksi akacheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi nikajizuia, nikajizuia, nikashindwa. Tulicheka sote watatu, mimi huku nalia, na kitenge kipya ndicho kikawa leso. Nilipotulia nikamuuliza lile swali la mtoto: filimu yenyewe inaishaje? Yule mama alishuka?

"Sijue," Papa akasema.

"Papa, uliiangalia kila Noeli miaka kumi!"

"Apana, mwanangu. Ninyi ndio mulikuwa munaangaliaka filimu. Mi nilikuwa naangaliaka sura zenu, nione kama mutaamini."

Tuliamini, Papa. Mungu anajua tuliamini.

Basi, ndiyo hivyo. Jumapili ijayo, mimi, mama mzima wa watoto watatu, nakaa kwenye benchi la watoto wa miaka saba, magoti yakigusa kidevu, tunaanza Mwanzo sura ya kwanza. Msinicheke. Au chekeni, lakini kwanza kila mtu ampigie babake simu, amuulize zile hadithi alizomlelea nazo alizitoa wapi.